S Moja

Ishbel Geddes ana penseli nyekundu tatu
na jicho moja lionalo vizuri kuliko jingine.
Miaka thelathini na moja, ghorofa ya tatu, Dundee,
mji uliowahi kufuma magunia ya nusu ya dunia,
anasoma kurasa za gazeti kabla hazijaonja wino.
Mimi si msomaji, husema, mimi nachambua mchele.
Habari yenyewe haimhusu. Diwani ameanguka, sawa,
lakini ameanguka kwa nukta au kwa mkato?

Kiingereza chake kimejaa pacha wasio ndugu.
Mkuu wa shule na kanuni ya maadili
hutamkwa kwa pumzi ileile, hutengana mkiani.
Kusimama tuli na karatasi za barua
hugombea irabu moja;
bahasha, kwao, huanza na e,
ndiyo kamba anayowafungia.
Mwaka wake wa tatu kazini herufi l iliponyoka
kwenye mkutano wa hadhara,
na mji mzima ukaalikwa, saa kumi jioni,
kujadili sehemu za siri.
Watu walijaa ukumbi. Mhariri hakucheka.

Kila robo mwaka Rowan, kijana wa meza ya michezo,
humletea orodha ya maneno yaliyopewa uraia kwenye kamusi.
Huyapokea kama afisa wa uhamiaji, miwani puani:
neno la kupekua maafa kitandani kwa kidole gumba
hadi alfajiri;
neno la atembeaye na simu usoni
mpaka mlingoti umsalimie;
na mzimu, nomino yenye heshima zake,
sasa imegeuzwa kitenzi:
kumkatikia mtu bila kwaheri,
kumwacha na tiki mbili za buluu.
"Hili halipiti," alisema.
"Limeshapita, Bi Geddes. Linakula na kulala humuhumu."

Mumewe, Lorne, alikuwa na mgahawa wa chai
karibu na stesheni, mkono mwepesi wa unga,
na s moja.
Kila asubuhi chaki yake iliandika jangwa
palipotakiwa kitindamlo:
*Leo, jangwa la tufaha na mdalasini.*
*Jangwa la moto, pamoja na krimu.*
Kila asubuhi Ishbel, njiani kwenda kazini,
alichomeka s ya pili
kwa kipande cha chaki kilichoishi mfukoni mwa koti.
"Mbili, Lorne. Utamu watu huomba nyongeza."
"Nimesikia."
Kesho yake, jangwa.

Novemba moyo wake ulizimika kwenye ngazi,
mkono mmoja una galoni ya maziwa.
Hakumaliza sentensi.
Tangazo la msiba Ishbel alilisoma mwenyewe mara nne,
jina, tarehe, kanisa, nukta.
Halikuwa na kosa.
Lugha hii ninayomwandikia ingemwambia mapema:
kosa ni kukosea,
kosa pia ni kutafuta kitu nyumbani na kisiwepo.
Kwake yeye ni maneno mawili, hayajuani.

Februari, akisafisha rafu ili arudishe funguo,
alikuta kadi ndani ya kopo la unga,
mwandiko wa Lorne kwa msichana wa zamu:
*Jumamosi, jangwa la peasi. Mwambie Ishbel asiguse.*

Asiguse nini?
Keki, au herufi?
Kitenzi hakina yambwa. Angemrudishia mwandishi yeyote
sentensi kama hii, na alama ya kuuliza pembeni.
Alisimama na koti lake, unga umemshika vidole,
akihesabu asubuhi: siku sita kwa wiki,
miaka kumi na tisa,
na yule mtu nyuma ya kioo,
akifuta kaunta iliyokwisha kufutwa,
akimngoja afike ubaoni.

Wasahihishaji wana alama yao ya toba:
neno likikatwa kimakosa,
huwekewa vitone chini, maana yake liachwe lilivyo.
Penseli ilikuwa mfukoni, pamoja na chaki.
Aliweka kitone. Cha pili.
Cha tatu kilitoboa kadi.